Homa si jina la ugonjwa

Saa 4 usiku, 39.2, panadoli, amenyonya titi moja. Saa 7, 38.4, nepi nzito. Saa 10 alfajiri, 39.5, analia, amekataa titi. Baadaye kidogo amenyonya.

Mistari hiyo imo katika daftari la shule lenye jalada la bluu, limeandikwa kwa kalamu inayokwaruza. Aliyeiandika ni mama kijana, mzaliwa wa Goma, anayepanga muzigo, yaani chumba kimoja, huko Bwaise, upande wa chini ambako mvua ikinyesha maji ya kinamasi cha Lubigi hubisha hodi mlangoni. Bintiye alikuwa na miezi minane. Mimi ni muuguzi wa watoto, kazi hii nimeifanya Kampala miaka kumi na tisa, na kwa kuwa tunaishi ua mmoja, mlango wangu ndio unaogongwa. Ameniruhusu nieleze habari ya siku nne zile za ugonjwa wa mtoto bila kumtaja jina. Niliiomba ruhusa hiyo kwa sababu katika siku hizo nne niliyaona karibu makosa yote tunayoyafanya mjini hapa mtoto anapochemka, na nikamwona mama mmoja akiyaepuka moja baada ya jingine akiwa na daftari, kipimajoto na akili yake.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Luganda homa ni omusujja, na malaria ni omusujja gw'ensiri, homa ya mbu. Mtaani hakuna anayejisumbua kulimaliza jina. Sema mtoto ana omusujja, kila aliyekaa barazani amesikia malaria. Kiswahili chetu nacho kina mtego wake: Mtanzania akisema ana homa, mawazo huenda kwa mbu, Mkenya akisema ana homa, mara nyingi anamaanisha mafua tu. Joto la mwili ni dalili, kama kikohozi kilivyo dalili, kama maumivu ya tumbo yalivyo dalili. Lakini dalili hii imepewa cheo cha ugonjwa, na tiba ikafuata cheo. Ndiyo maana mtu anaingia duka la dawa akisema "nipe ya homa", na muuzaji anamkabidhi dawa ya malaria bila kuuliza swali hata moja. Wala hakuna kati yao aliyekusudia ubaya.

Serikali yenyewe iliwahi kulifuata neno hilo, na kwa sababu nzuri. Mwaka 2002 Uganda ilianzisha mpango wa kutibu homa nyumbani. Wanavijiji waliochaguliwa na wenzao walipewa pakiti zilizoitwa Homapak, zenye klorokwini na Fansidar pamoja, rangi moja kwa watoto wachanga zaidi na rangi nyingine kwa waliowazidi umri, ili hata mzazi asiyejua kusoma asikosee. Kila mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa alipewa dawa ya malaria mara moja, bila kupimwa. Siudharau mpango ule. Kijijini ambako kituo cha afya kiko mbali na malaria kali humaliza mtoto kwa siku moja au mbili, kungoja kipimo kisichokuwepo kulikuwa ni kungoja msiba. Dawa zile zilikuwa zimeanza kushindwa na vimelea, na mwaka 2004 sera ikabadilika kuja kwenye mseto wa artemether na lumefantrine, hii ambayo watu wengi wanaiita Coartem hata ikiwa ya kampuni nyingine. Dawa ilibadilika. Mazoea ya kuiona kila homa kuwa malaria yakabaki palepale.

Kampala ikawa mahali pa kuyapima mazoea hayo. Mtafiti Sarah Staedke na wenzake waliwafuatilia watoto zaidi ya 400 katika parokia, yaani kata, ya Mulago III, mwendo mfupi tu kutoka hospitali kuu ya Mulago. Nusu ya familia zilikabidhiwa dawa ya mseto ziiweke nyumbani na kumpa mtoto kila akipata homa; nusu nyingine ziliendelea kama kawaida. Matokeo yalichapishwa 2009. Watoto wa kundi la kwanza walimeza dawa ya malaria karibu mara mbili ya wenzao, na faida ya kiafya iliyoonekana ilikuwa ndogo. Sababu ni kwamba katika mji huu homa nyingi za watoto hazikuwa malaria. Utafiti mwingine katika parokia hiyohiyo ulionyesha kuwa hata malaria yenyewe haikugawanyika sawa: waliokaa kando kabisa ya kinamasi waliugua sana, na waliokaa juu kidogo mlimani waliugua kwa nadra. Mtaa mmoja, maji mamoja ya bomba, na hatari mbili tofauti.

Tanzania walikwenda mbele zaidi wakauliza: kama si malaria, basi ni nini? Valérie D'Acremont na wenzake waliwachukua watoto 1,005 wenye homa katika kliniki za Dar es Salaam na Ifakara, wakawachunguza kwa kila kipimo walichoweza kukipata. Ripoti yao ya mwaka 2014 ningependa ibandikwe ukutani kwenye kila duka la dawa Afrika Mashariki. Malaria ilikuwa asilimia 10.5. Maambukizo ya njia ya hewa, kuanzia mafua hadi nimonia, yalikuwa asilimia 62. Na ukiwapanga watoto wale kwa aina ya kijidudu, asilimia 70 walikuwa na virusi, ambavyo havisikii dawa ya malaria wala antibiotiki.

Turudi Bwaise. Usiku wa kwanza mama alikuja kwangu akitoka kliniki ya mtaani, mtoto mgongoni, mfuko wa plastiki mkononi, akaniita musawo, mtabibu.

"Musawo, wamempima damu ya kidole. Wanasema hana malaria."

"Vizuri, dada. Na hizo dawa?"

"Hii ya malaria. Hii antibiotiki. Wamesema kipimo wakati mwingine kinadanganya, tumpe tu kwa usalama."

Ni kweli kipimo kinaweza kudanganya, ila mara nyingi hudanganya kwa upande usiosemwa. Kile kipimo cha haraka cha damu ya kidole hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtoto kupona. Kwa hiyo kinaweza kusema "ndiyo" kwa malaria ya mwezi jana. Kusema "hapana" kwa mtoto anayechemka kwa malaria leo ni jambo la nadra zaidi, na dawa ya nadra hiyo ni kumpima tena kesho homa ikiendelea, hasa mtoto wa kando ya kinamasi, au aliyerudi karibuni kutoka kijijini kwa babu. Hilo la safari huwa naliuliza kila mara, kwa sababu watoto wengi wa Kampala huiokota malaria kwenye likizo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila homa inayodhaniwa kuwa malaria ipimwe kabla ya dawa. Kupima kisha kutolisikiliza jibu ni kumchoma mtoto kidole bure.

Na madhara ya "kwa usalama" hayako sana katika dawa yenyewe, maana mseto huu watoto huuvumilia vizuri. Madhara ni kwamba jina likishapatikana, utafutaji unakoma. Nimewahi kupokea mtoto wa mwaka mmoja aliyemaliza dozi mbili za dawa ya malaria katika wiki moja, zote bila kipimo, huku nimonia ikimla kifua. Mama yake hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa ameambiwa mara mbili kwamba ugonjwa umejulikana. Tangu Aprili 2025, chanjo ya malaria aina ya R21 ilipozinduliwa wilayani Apac, ikitolewa mtoto akiwa na miezi 6, 7, 8 na 18, hoja hii imezidi uzito. Kadiri malaria inavyopungua ndivyo sehemu ya homa zisizo malaria inavyokua, na ndivyo mazoea yetu yatakavyozidi kutupotosha.

Basi mtu afanye nini usiku, mtoto amechemka na jibu la kipimo ni hapana?

Amtazame mtoto. Nilimwambia mama ampe kwanza panadoli, angoje nusu saa hadi saa moja, kisha amtazame joto likiwa limeshuka kidogo. Mtoto yeyote mwenye 39.5 ananyong'onyea, macho yanalegea, hataki mchezo. Swali ni yukoje joto likipungua. Akichangamka, akiyatafuta matiti, akiufuata uso wa mama yake kwa macho, una nafasi ya kungoja asubuhi ukiwa macho. Akibaki amelegea kama kitambaa kilicholowa ilhali joto limeshuka, hapo hapana kungoja.

Kisha tukahesabu pumzi. Hili ndilo jambo ambalo ningemfundisha kila mzazi kama ningepewa dakika tano tu. Mtoto alikuwa amelala chali mapajani mwa mama, fulana imepandishwa hadi kwapani, taa ya simu imeelekezwa ukutani isimwamshe. Pumzi ya mtoto huonekana tumboni kuliko kifuani: tumbo linapanda, linashuka, hiyo ni moja. Unahesabu dakika nzima, bila kuhesabu nusu na kuzidisha, kwa sababu mtoto hupumua kwa mikupuo, mara haraka, mara anatulia. Mama alihesabu akinong'ona, mara ya kwanza akapotea njiani, mara ya pili akafika 44. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia ni alama ya nimonia mpaka ithibitishwe vingine. Kuanzia mwaka mmoja, kikomo ni 40. Na kwa wa chini ya miezi miwili ni 60. Tukatazama pia sehemu ya chini ya mbavu: akivuta pumzi, je, ngozi inazama ndani? Haikuzama. Hakuna mashine ghali iliyohitajika pale. Ilihitajika saa yenye mshale wa sekunde, na mtu aliyeonyeshwa pa kutazama.

Alama za kumpeleka hospitali usiku huohuo ni chache, na ningependa zijulikane kama namba ya simu ya nyumbani. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa kabisa. Anayetapika kila kitu anachopewa. Aliyepata degedege. Aliyelala usingizi usioamshika, au anayelegea kupita kiasi. Ongeza shingo iliyokakamaa, utosi uliovimba, kupumua kwa shida, viganja vilivyopauka, mkojo uliokoma. Na mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa haombewi subira ya aina yoyote, hata akionekana yu mzima. Yeye huenda hospitali hata kama ni saa tisa usiku, hata kama ni kwa bodaboda. Kwa wachanga wa umri huo hata mwili kuwa wa baridi isivyo kawaida ni alama mbaya sawa na joto.

Huyu wa miezi minane hakuwa na alama yoyote kati ya hizo. Alikuwa na joto tu. Na hapa lazima niseme jambo ambalo akina mama hunitazama kwa mashaka ninapolisema: joto la 39 au 40 peke yake haliharibu ubongo wa mtoto. Katika ubongo kuna sehemu inayoamua mwili uwe na joto gani. Vijidudu vinapoingia, kinga hupeleka ujumbe, na sehemu ile hupandisha kiwango kwa makusudi, kwa kuwa virusi na bakteria wengi huzaana kwa shida penye joto na askari wa mwili hupigana vizuri zaidi. Ndiyo maana mtoto hutetemeka kwa baridi huku anachoma ukimgusa: mwili unakipanda kiwango kipya. Kumtumbukiza kwenye beseni la maji baridi wakati huo ni kushindana na mwili wake. Atatetemeka zaidi, atalia, na joto litarudi. Kumfunika blanketi mbili na kofia ya sufi, kama wengi wetu tulivyolelewa kufanya, nako kunalifungia joto ndani. Nguo moja nyepesi, chumba chenye hewa, chandarua kimeshushwa, basi.

Panadoli ina kazi yake, nayo ni kumpunguzia mtoto maumivu na uchovu ili aweze kunyonya na kulala. Haiponyi ugonjwa. Kipimo chake huenda kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, isirudiwe kabla ya saa sita kupita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto yule alikuwa na kilo 8, kwa hiyo miligramu 120, ambayo kwa dawa ya maji ya kawaida ni mililita 5. Na mililita 5 ni za kwenye sirinji. Vijiko vya chai vya nyumbani vinatofautiana sana. Niliwahi kuvipima vya majirani watatu kwa maji na havikulingana hata viwili. Hatari kubwa zaidi iko kwenye yale matone ya watoto wachanga yanayouzwa kwenye chupa ndogo. Yapo yenye miligramu 100 katika kila mililita moja. Anayetoa mililita 5 za matone hayo akidhani ni dawa ya maji ya kawaida amempa mtoto miligramu 500, mara nne ya haki yake, na ini ndilo linalolipa. Soma lebo kwa mwanga wa kutosha, kila mara, hata ukiwa na usingizi. Aspirini mtoto hapewi kabisa.

Siku ya pili homa ilikuwa ileile. Mama alirudi kupima damu katika kituo cha afya cha serikali, ambako kipimo ni bure, na jibu likawa hapana tena. Jioni mwenye nyumba wetu, bibi wa makamo aliyelea watoto saba na anayempenda mtoto yule kama mjukuu, alimfunua mdomo kwa kidole, akaugusa ufizi wa juu, pale panapoota chonge.

"Mwanangu," akasema kwa Kiswahili chake cha kuchanganya, "huyu ana ebinyo. Ona panavyovimba. Kuna mtu kule juu anayatoa. Homa inaisha siku hiyohiyo."

Ebinyo ni yale ambayo Tanzania wanayaita meno ya plastiki au meno ya nailoni. Anayeyatoa huuchimba ufizi kwa kisu, sindano au spoki ya baiskeli iliyochongwa, anachomoa kitu cheupe laini na kumwonyesha mama kuwa ndiye adui. Kile cheupe ni chonge la mtoto mwenyewe ambalo halijakomaa. Watoto wamekufa kwa hilo, kwa kutoka damu, kwa pepopunda, kwa sumu ya bakteria kuingia damuni, na waliobaki wengine meno ya ukubwani yaliota yamepinda au hayakuota kabisa.

Lakini kumcheka bibi hakumsaidii mtoto, na bibi anaona kitu cha kweli. Kuanzia miezi sita hivi, kinga ambayo mtoto aliipata kwa mama yake kabla ya kuzaliwa inakuwa imepungua sana. Wakati huohuo anaanza kutambaa, anaokota kila kitu na kukitia mdomoni, anaanza uji, anabebwa na mikono mingi. Kwa hiyo homa na kuhara huanza kumjia mfululizo. Na wakati huohuo ufizi unavimba kwa meno yanayokuja. Mambo mawili yanatokea mwezi mmoja, na jicho la mwanadamu huyaunganisha. Nilimweleza bibi hivyo, taratibu, nikamwomba atusaidie kwa jambo moja: amshike mtoto usiku ule mama alale kwa muda wa saa tatu, maana hakuwa amelala tangu juzi. Akakubali. Nadhani kupewa kazi yenye maana kulimtosheleza kuliko maelezo yangu yote.

Hofu kubwa ya mama, hata hivyo, ilikuwa degedege. Baganda huliita eyabwe. Pwani ya Tanzania, watafiti waliofanya kazi Bagamoyo walichapisha mwaka 1996 kwamba wazazi wengi waliliona degedege kuwa ugonjwa wa peke yake, wa shetani mwenye umbo la ndege, usiohusiana na malaria hata kidogo. Mtoto alipelekwa kwanza kwa mganga, akafukizwa, na wapo walioamini kuwa akichomwa sindano wakati ule atakufa. Hapa neno limefanya kazi ileile ya omusujja kwa upande wa pili: omusujja unaunganisha magonjwa mengi yawe moja, na degedege linautenga mtikisiko na ugonjwa unaouleta.

Ukweli ni kwamba kati ya watoto 100, wawili hadi watano watapata degedege la homa kati ya miezi sita na miaka mitano, na kwa walio wengi hupita chini ya dakika tano bila kuacha alama. Kutazama hilo ni jambo la kutisha kuliko yote niliyoyaona kazini: macho yanageuka, mwili unakakamaa, midomo inabadilika rangi. Mlaze ubavu, sakafuni au kitandani, ondoa kilicho karibu, usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe chochote, tazama saa. Kisha nenda hospitali. Ulaya daktari anaweza kumtuliza mzazi kwa simu. Hapa kwetu malaria ya kichwani na homa ya uti wa mgongo nazo huanza kwa mtikisiko uleule, na hakuna awezaye kuzitofautisha akiwa chumbani. Na wala panadoli haijathibitika kuwa inalizuia degedege, kwa hiyo mama ambaye mtoto wake alitikisika asijilaumu kwamba alichelewa dakika kumi kumpa dawa.

Siku ya tatu mama alikata tamaa kidogo, akarudi kliniki ileile ya kwanza. Akaambiwa mtoto atundikiwe dripu "apate nguvu". Alinipigia simu akiwa amesimama mlangoni, pesa amezishika mkononi.

Dripu Kampala ni heshima. Mzazi aliyetundikiwa mtoto chupa ya maji huona ametibiwa. Aliyeambiwa arudi nyumbani anyonyeshe huona amefukuzwa. Naielewa hisia hiyo. Lakini uthibitisho kwamba maji ya mshipani yanaweza kudhuru ulitoka hapahapa kwetu. Kati ya 2009 na 2011, Kathryn Maitland wa Kilifi nchini Kenya, Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao walifanya utafiti uitwao FEAST katika hospitali za Uganda, Kenya na Tanzania, Mulago ikiwa mojawapo. Watoto 3,141 waliofika wakiwa na homa kali na mzunguko wa damu uliodhoofu waligawanywa: wengine wakapewa maji mengi ya haraka mshipani, kama vitabu vya nchi tajiri vilivyofundisha, wengine wakapewa matibabu yote isipokuwa maji hayo ya haraka. Kila mtu alitarajia maji yaokoe. Januari 2011 kamati ya usalama iliusimamisha. Katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, zaidi ya kumi walikufa ndani ya saa 48. Kwa wasiopewa, walikufa saba. Na hao walikuwa mahututi, hospitalini, wakilindwa. Watoto wenye kuhara sana au utapiamlo mkali hawakuwemo katika utafiti ule, na anayehara hadi kukauka anahitaji maji kweli. Lakini kumtundikia dripu mtoto anayenyonya, anayekojoa, anayelia kwa machozi, ni kumtafutia hatari dukani.

"Dada, leo amekojoa mara ngapi?"

Nikasikia kurasa zikifunuliwa. "Mara tano."

"Na titi?"

"Mara tisa. Lakini kidogokidogo."

"Basi dripu yake unayo mwenyewe. Rudi nyumbani, ila pitia kituo cha afya wapime mkojo."

Mkojo huwa unasahaulika. Mtoto wa kike mwenye homa ya siku tatu isiyo na kikohozi, wala mafua, wala sikio linalouma, inafaa apimwe mkojo, kwa sababu maambukizo ya njia ya mkojo kwa umri huo mara nyingi hayana dalili nyingine, na yakiachwa yanaweza kuumiza figo. Mkojo ulikuwa safi. Masikio safi, koo jekundu kidogo, shingo laini. Mhudumu wa pale alimwambia mama kwamba inaelekea ni virusi, arudi baada ya siku moja homa ikiendelea, au mara moja akiona mojawapo ya alama za hatari. Hakumpa dawa mpya. Nilimheshimu sana mhudumu yule. Kumrudisha mama mikono mitupu katika mji unaopima utabibu kwa wingi wa vidonge kunataka ujasiri.

Usiku wa tatu mstari wa saa 10 alfajiri unasomeka hivi: 37.9, amelala, pumzi 36.

Asubuhi ya nne aligonga mlango kabla sijawasha jiko. Mtoto alikuwa na vipele vya waridi, kifuani, tumboni na shingoni. Mama alikuwa analia. Surua, akasema. Goma aliwahi kuiona surua, na alijua kuwa chanjo yake hutolewa mtoto akifika miezi tisa, na huyu alikuwa amebakiza wiki tatu.

Hofu yake ilikuwa na akili. Nilimkalisha, nikamtazama mtoto. Surua huja na kikohozi, mafua na macho mekundu, na vipele vyake huanzia nyuma ya masikio na usoni homa ikiwa juu kabisa, mtoto akiwa hoi. Huyu macho yake yalikuwa meupe. Hakukohoa. Vipele vilikuwa vimeanzia mwilini, na vilikuja joto lilipoondoka, kama vile homa imetokea kwenye ngozi ikiaga. Huo ni ugonjwa wa virusi wa watoto wa miezi sita hadi miaka miwili, madaktari huuita rozeola. Siku tatu nne za joto kali, kisha vipele, kisha basi. Hauna dawa wala hauhitaji. Hata hivyo tulikwenda kituoni wamwone, kwa sababu vipele na homa kwa mtoto ambaye hajachanjwa ni jambo la kutolewa taarifa, na jicho la jirani si maabara.

Tukiwa kwenye foleni mtoto alikuwa amekaa mapajani mwa bibi mwenye nyumba, aliyekataa kubaki nyuma, akigonga benchi kwa kikombe cha plastiki, tako tako tako, hadi mama mmoja mbele yetu akageuka kucheka. Mama yake alitoa daftari, akaangalia saa ya simu, akaandika: Saa 3 asubuhi, 36.8, vipele, amekula uji wote. Chini yake, kwa wino mwekundu alioazima kwa muuguzi wa zamu, akaandika tarehe ya chanjo ya miezi tisa.